Milimita Sita za Kukulia

Ukimpelekea mtoto wako apimwe sare ya shule, fundi huyu hakuulizi mtoto ana miaka mingapi. Anamtazama viwiko na vifundo vya miguu, anamgeuza mara moja, anamzungushia futi kiunoni, kisha anaandika kwenye kidaftari chake vipimo ambavyo si vya mtoto uliyempeleka. Ni vya mtoto atakayekuwepo mwakani. Suruali inakatwa ndefu, inakunjwa ndani mara mbili, inashonwa kwa uzi unaofumuka kirahisi, na mzazi anapewa maelekezo yake: "Akirefuka, fumua pindo la kwanza. Akirefuka tena, fumua la pili. Akizidi hapo, nileteeni kitambaa cha suti ya harusi yake."

Kwa ajili hiyo watu walimwita Fundi Akiba. Hakulichukia jina hilo. Tena alilipenda kuliko lile alilopewa na wazazi wake, kwa sababu lile la wazazi alilikuta tu, na hili alilitolea jasho. Waliomcheka kwamba watoto wake wa sare wanatembea kama waliovaa mapazia aliwajibu kwa upole kwamba mtoto hakosi kukua, kazi yake ni hiyo, hana nyingine.

Chumba chake cha kazi kilikuwa na cherehani mbili, moja ya kukanyaga kwa miguu na moja ya umeme iliyofanya kazi inapojisikia. Upande wa dirisha ilikuwapo meza ya pasi, na hapo ndipo alipofanyia kazi mkewe, mwanamke wa maneno machache na mkono mzito, ambaye akikupigia pasi mkunjo wa suruali unaweza kukatia karatasi. Katikati ya meza na cherehani, juu ya godoro dogo lililozungushiwa mito ya mabaki ya vitambaa, alikaa binti yao.

Walimwita Chiriku. Alikuwa na miaka mitatu na hakuwa amesema neno hata moja, lakini cherehani ikianza kukimbia alitoa kasauti kembamba kakali, na ikisimama alimgeukia baba yake na kumkazia macho kama msimamizi aliyemkuta kibarua amelala. Alichelewa kulia siku aliyozaliwa. Tangu hapo shingo ilikuwa legelege, mikono ilikwenda inakotaka, na koo halikujua kazi yake. Akimeza, chakula kilikosea njia na kuingia mapafuni. Nimonia ilimlaza mara nne. Kikombe kimoja cha uji kilimchukua mama yake saa nzima na zaidi, na nusu yake iliishia kwenye kanga.

Kwanza hospitali ilimwekea mrija wa puani. Miezi saba mtoto alikaa na plasta shavuni, ngozi ikamchubuka, na kila alipopiga chafya kwa nguvu mrija ulitoka na ikabidi arudishwe kliniki ukaingizwe upya. Mama yake hakuweza kutazama. Ni baba aliyemshika mikono kila mara, akimwambia tayari, tayari, imekwisha, wakati haijaisha hata robo. Siku zote alipoachiwa, Chiriku alimgeukia huyo huyo aliyemshika ili ambembeleze. Jambo hilo lilimchoma Fundi, na hakumwambia mtu.

Ndipo daktari aliposhauri tundu la tumboni. Aliyewaeleza vizuri alikuwa muuguzi mmoja wa makamo ambaye wazazi wote wa kliniki ile walimwita Sista wa Mirija. Alikuwa na mwanasesere wa kitambaa, na tumbo la mwanasesere lilikuwa na tundu. Fundi, kabla ya kusikia lolote, aligundua kwamba tundu lile halikuzungushiwa uzi na limeanza kuchanika pembeni.

"Sista, huyu aliyeshona huyu mtoto hakumtakia heri," alisema.

"Nimemshona mwenyewe, baba," Sista akajibu. "Wewe sikiliza."

Akawawekea vifaa mezani. Kuna mrija mrefu, alisema, ambao unaning'inia nje ya tumbo kwa urefu wa mkono wa mtoto. Huo ni rahisi kuutumia, hauhitaji kiungo kingine, unachomeka bomba la maziwa moja kwa moja, na kisahani chake cha nje kinasogea, kwa hiyo unamfaa mnene na mwembamba. Ubaya wake ni huo urefu: unakamatwa na nguo, unakamatwa na mikono, na mtoto asiyetawala mikono yake anaweza kuuvuta. Halafu kuna kifungo. Kifungo kinalala juu ya ngozi, kidogo, bapa, hakionekani chini ya gauni. Wakati wa kula unakiunganisha na mrija wake, ukimaliza unautoa. Ndani kinashikiliwa na kiputo cha maji, na maji hayo mnayapima kila wiki, maana puto linaweza kupasuka.

"Likipasuka?" mama aliuliza.

"Kinatoka. Kikitoka, tundu linaanza kujifunga lenyewe, siku hiyo hiyo. Muwe na cha pili nyumbani, au mkimbie hapa." Sista alikishika kifungo kwenye mwanga. "Na kifungo kina kipimo. Huu urefu wa shingo yake lazima ulingane na unene wa tumbo la mtoto. Si kama mrija mrefu."

Fundi aliitikia kwa kichwa. Lakini katika maneno yote aliyoyasikia siku ile, lililomkaa akilini ni lile la kuwa na cha pili nyumbani.

Siku ya upasuaji aliwekewa mrija mrefu, kwa kuwa tundu bichi halitiwi kifungo mpaka likomae kwa miezi mitatu. Na ile miezi mitatu, mwanzoni, ilikuwa neema. Mama alining'iniza bomba kwenye msumari wa kutundikia futi, maziwa yakashuka polepole, na Chiriku akawa anashiba bila kukohoa. Mashavu yakaanza kuonekana. Mizani ya kliniki, ambayo kwa mwaka mzima ilikuwa inawatukana, ilipanda hadi kilo tisa na gramu mia nne. Mama aliziimba gramu hizo njia nzima ya kurudi, yeye ambaye haimbi.

Kisha mikono ya Chiriku ikaugundua mrija. Aliunasa vidoleni bila kutaka na kuuvuta kwa kukakamaa. Walimfunga kitambaa tumboni, akakitoa. Fundi alimshonea fulana iliyofungwa nyuma, yenye mfuko wa kufichia mrija, kazi nzuri ambayo Sista aliwaonyesha wazazi wengine. Ikasaidia wiki mbili. Asubuhi moja mama alikuwa amempakata akipita karibu na cherehani, mrija ukachomoka mfukoni, na Fundi alikuwa anakanyaga. Mkanda wa gurudumu uliugusa tu. Aliuzuia mguu wake hewani. Siku hiyo wote wawili walikubaliana: miezi mitatu ikitimia, kifungo.

Ilitimia. Sista alimpima Chiriku kwa kijiti chenye alama, akamlaza, akamkalisha, akapima tena, akaandika kwenye karatasi: sentimita moja nukta saba. "Baba, nenda stoo uniletee kipimo hiki hiki. Vifungo huletwa kwa msaada, vichache. Omba kiwepo."

Mtunza stoo alikuwa kijana mwenye miwani, aliyekuwa anakula karanga kwa siri kwenye droo. Aliisoma karatasi, akapotea nyuma ya makabati, akarudi na maboksi matatu madogo.

"Una bahati. Moja nukta saba kipo hiki kimoja tu, ndicho cha mwisho. Hivi vingine viwili ni mbili nukta tatu."

"Boksi jingine linakuja lini?"

"Hilo hata mimi wananiambia likishafika."

Fundi aliyashika maboksi. Hapa ndipo ninapotaka mumwelewe, kwa sababu baadaye wengi walimwona mjinga, na hakuwa mjinga. Alikuwa na miaka ishirini na miwili kwenye kazi ya kuvisha watoto. Alikiona kifungo kimoja kinachotosha leo kamili, bila ya cha pili, bila hata nafasi ya uzi. Puto lake likipasuka wafanyeje? Na Chiriku ameanza kunenepa. Mwezi mmoja tu, kifungo kitambana. Halafu akaviona viwili, vikubwa kidogo, kimoja cha kuvaa na kimoja cha akiba. Tofauti yake ni milimita sita. Suruali ya darasa la kwanza yeye huiachia sentimita nane.

"Nipe hivi viwili," alisema. "Hicho kimoja mwachie mwingine."

"Karatasi inasema moja nukta saba, kaka."

"Nimeongea na Sista."

Hakuwa ameongea na Sista. Maneno yalimtoka laini, kama anavyomwambia mteja kwamba nguo iko kwenye pasi wakati bado iko kwenye mkasi. Alitia sahihi, akashukuru, na akarudi kliniki akijihisi mtu aliyeitendea haki familia yake.

Sista aliangalia boksi na uso ukamkunjamana. "Sikuandika hivi."

"Ndicho kilichokuwepo, Sista."

Mkewe alikuwa pale, amempakata mtoto. Alimwamini, kwa nini asimwamini? Sista aliguna, akasema kitakuwa kimelegea, ataweka shashi chini yake, na wamrudishe haraka wakiona kinavujisha. Chiriku alilia kidogo. Kifungo kikaingia. Mama alilipandisha gauni, akalishusha, akalipandisha tena kutazama, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi alicheka kwa sauti.

Siku ya pili shashi ilikuwa na unyevu. Siku ya nne maziwa yalitoka kando ya kifungo kabla bomba halijafika nusu, na pamoja na maziwa yakatoka maji ya tumbo, yale makali yanayosaga chakula. Kifungo kilikuwa kinapanda na kushuka kila mtoto alipopumua, kikilisugua tundu. Fundi aliongeza shashi. Alikata vipande vya fulaneli laini, akavitoboa katikati, akavishona kingo ili visichome, akavipanga vitatu, vinne, vitano chini ya kifungo ili kukijaza. Alikuwa anapunguza nguo iliyomzidi mtoto, kazi anayoijua usingizini, na ilikuwa haipungui. Kila alipofunua, ngozi ilikuwa nyekundu zaidi kuliko alivyoiacha.

"Turudi," mkewe alisema siku ya tano.

"Tusubiri kidogo. Akinenepa kitakaa."

"Atanenepa kwa kitu gani, Baba Chiriku? Chakula kiko kwenye shashi."

Alijua anasema kweli. Lakini kurudi maana yake ni kusimama mbele ya Sista, na Sista atauliza. Akazipoteza siku tano nyingine kwa woga wa swali moja. Shule zilikuwa zinakaribia kufunguliwa, sare zilirundikana mpaka dirishani, na alijificha humo, akikimbiza cherehani kutwa. Chiriku hakuitikia tena. Alilala kwenye mito yake, akikunja miguu kila maziwa yalipoteremka. Fundi alisimamisha mguu mara kadhaa makusudi, ili ajue kama mtoto atamkazia macho. Hakugeuka.

Siku ya kumi mkewe hakusema turudi. Alizima pasi, akambeba mtoto, akatoka, na yeye akamfuata na mfuko wa nepi.

Mizani ilisema kilo nane na gramu mia tisa. Sista alizisoma mara mbili. Alipofunua gauni alimwita daktari, na daktari akaja na kalamu bado mkononi. Ngozi iliyozunguka tundu ilikuwa mbichi kama ya mtu aliyeunguzwa na maji moto, na nyama nyekundu ilikuwa imeanza kuota ukingoni.

"Kifungo kirefu kupita kiasi," daktari alisema. "Nani alitoa kipimo hiki?"

"Stoo," Sista akajibu, na sasa alikuwa amekasirika kwelikweli. "Yule kijana. Nimeandika moja nukta saba kwa mkono wangu. Kama hakikuwepo angeniita, si kumtupia mzazi chochote. Leo namwandikia barua kwa mkubwa wake."

Kwa Fundi, kunyamaza kulikuwa rahisi kabisa. Alichotakiwa kufanya ni kutazama chini kama mzazi aliyeonewa. Alimwona yule kijana na karanga zake. Akamwona pia mkewe, aliyekuwa anatingisha kichwa kumuunga mkono Sista, akiwa na hasira na mtu asiye na kosa.

"Usimwandikie," alisema. "Kilikuwepo."

Wote wakamgeukia.

"Kilikuwepo kimoja. Nikachukua hivi kwa sababu vilikuwa viwili. Nilisema nikiacha nafasi… anakua. Nilimwachia nafasi ya kukulia."

Hakuna aliyemfokea. Angefurahi kufokewa. Sista aliketi. Daktari, mtu ambaye kwa kawaida anaongea haraka, aliongea taratibu safari hii, na upole wake ndio uliomvunja Fundi.

"Baba, mtoto huyu sisi tunapigana asipungue. Habari za kukua hatujaanza kuzizungumza. Sijui kama tutazizungumza."

Mkewe alikuwa amemtazama tangu alipotamka neno "kilikuwepo", na hakupepesa.

Walipiga simu stoo. Kile kimoja kilichukuliwa siku ile ile Fundi alipokiacha. Boksi jipya halijaja na halina tarehe. Fundi aliuliza kama wanaweza kukikata hiki, akajibiwa hakikatwi. Aliuliza kama anaweza kusafiri kukitafuta, popote, hata leo, akaulizwa aende wapi. Mikono yake ilitafuta kitu cha kushika, ikaishia kuukunja na kuukunjua mfuko wa nepi. Ni lazima tundu lipate kitu, Sista alieleza, la sivyo litajifunga, na kwa uzito huu daktari hathubutu kumrudisha kwenye nusukaputi kufungua jingine. Kwa hiyo ni mrija mrefu tena, kupitia kwenye ngozi hiyo hiyo iliyochubuka, na mikono ya mtoto ifungwe vitambaa hadi pale litakapokuja boksi lenye kipimo chake. Dawa ya ganzi wangepaka, lakini juu ya kidonda ganzi haishiki sana.

"Nani atamshika?" Sista aliuliza.

Mama alikuwa amekwisha kumkumbatia. Lakini Chiriku, ambaye mikono yake siku zote ilikwenda inakotaka, alijipinda kwa nguvu zake zote kuelekea upande wa baba yake, akitoa kile kisauti. Mama akamwachia.

Alimshika. Alimlaza kifuani, akamfungia mikono yote miwili ndani ya kiganja chake kimoja, na Sista akatoa kifungo na kuanza kupitisha mrija. Chiriku alipiga kelele ambayo baba hakuwahi kuisikia kwake, nene, ya mtu mzima. Alitaka kumwambia tayari, imekwisha, na hakuweza kuyatamka maneno hayo. Alimtazama tu usoni, naye mtoto akamtazama yeye, akingoja ayakomeshe maumivu, kwa sababu alizoea kuamini kwamba huyu ndiye anayekomesha. Hakukomesha chochote. Ilichukua dakika nne, na Sista akafunga shashi.

Waliambiwa wakae nje saa moja ili waone kama maziwa ya kwanza yatakaa. Benchi la korido lilikuwa limejaa, wakapata nafasi pembeni, karibu na mama mmoja mchangamfu mwenye mtoto wa kiume aliyekuwa anajaribu kumpanda begani. Shati la mtoto lilipanda, na Fundi akakiona: kifungo kimelala juu ya tumbo, bapa, ngozi yake safi pande zote.

"Poleni jamani," yule mama alisema alipouona mrija na vitambaa vya mikononi. "Wangu naye tulikuwa hivyo hivyo. Tukaambiwa vifungo vya saizi yake hakuna, tungoje. Nilikuwa nimekwisha kata tamaa. Kumbe siku hiyo hiyo kijana wa stoo akanikimbilia hapa kwenye korido, kipo kimoja! Eti kuna mzazi alipewa, akasema mwachie mwingine." Alimvuta mwanawe chini na kumfuta pua. "Kuna watu wana roho nzuri. Simjui, lakini kila siku namwombea. Mungu ambariki yeye na watoto wake."

Fundi alianza kukaza upya vitambaa vya mikono ya Chiriku, ingawa havikuwa vimelegea.

"Amina," mkewe alisema. Kisha akamvuta Chiriku kutoka mapajani mwa baba yake, akamweka kwake, na akashika mrija usivutwe.